Kibuyu cha Kwanza

Samaki wa Mkono niliwaua mimi. Nalisema mwanzo kabisa kwa sababu nimechoka na hadithi zinazomficha mwizi mpaka mwisho, msomaji akawa anapapasa kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni. Mwizi ndiye huyu. Jina lake Enos, Mpokomo wa Garsen, mtunza josho, mwimba besi kanisani, mtu aliyevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi akaamini kwamba pasi ile ni nusu ya akili yake.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita. Josho lilikuwa jipya, handaki refu la saruji lililojaa maji ya dawa ya kupe. Ng'ombe anasukumwa upande huu, anaruka, anazama mpaka pembe, anaogelea, anatokea upande wa pili akitiririka na kununa. Waorma walilitilia shaka mwezi wa kwanza. Walipoona kupe wanadondoka kama punje, wakaleta makundi kutoka nyika nzima. Mimi nilisimama juu ya ukuta na filimbi mdomoni. Niliipenda filimbi ile kupita kiasi, na mke wangu Asenath alikuwa akinitania kwamba siku moja nitampulizia yeye aingie jikoni.

Dawa ilikuja katika mapipa yaliyochorwa fuvu la kichwa. Bwana mifugo, Mzungu mwembamba aliyetutembelea kila baada ya miezi mitatu, alinieleza kwa utaratibu wote: maji ya josho yakishachafuka kwa mavi na matope yachotwe kwa madebe, yabebwe mpaka shimo lililochimbwa huko nyikani, hatua mia nne kutoka ukingoni. Yasielekezwe mtoni kamwe. Nikamjibu ndiyo bwana. Niliandika hata kwenye daftari, kwa hati nzuri.

Mkono ulikuwa tawi la Tana. Uliachana na mto mkubwa juu ya kijiji, ukazunguka nyuma ya josho, kisha ukaurudia mto huko chini. Wakati wa mafuriko ulikuwa mto kamili. Kiangazi ulikuwa madimbwi yaliyounganishwa na uzi mwembamba wa maji. Hapo ndipo wanawake wetu walipochota maji, na hapo ndipo palipokuwa na malka, njia ya ng'ombe kushukia majini, ya watu wa Galma.

Galma na mimi tulirithiana. Huku kwetu kila nyumba ya Wapokomo ya ukingoni ilikuwa na nyumba yake ya Waorma huko nyikani. Wao huleta maziwa na samli, sisi hutoa mahindi na ndizi, na mwaka mbaya ukija mnafichana njaa. Babu zetu walianza, baba zetu wakaendeleza. Galma alinizidi miaka kumi hivi, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufikiri kabla ya kuitikia salamu. Baba yangu alipokufa alitembea siku mbili, akaketi mlangoni pangu, akakataa kusema neno lolote mpaka nile. Kiorma changu kilitosha kuombea maziwa, na Kipokomo chake kilitosha kuombea ndizi, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, kile cha malka kisichojali ngeli.

Sasa nieleze nilivyofanya. Shimo la nyikani lilijaa. Udongo wa kule ni mweusi, na ukikauka huwa jiwe. Vibarua wangu wanne walikuwa wamekwenda kupanda mpunga maji yalipoanza kushuka, na nani angewalaumu, shamba la ukingoni halimngoji mtu. Bwana mifugo alikuwa anakuja Jumatatu kulikagua josho. Ijumaa mchana, Waorma wakiwa kwenye swala na wetu wakiwa mashambani, nilishika jembe nikakata mtaro wa hatua thelathini kutoka joshoni mpaka kwenye korongo linaloingia Mkono, nikaufunika kwa matete. Mto bado ulikuwa mpana na mwekundu. Nikajiambia kwamba maji haya yamemeza viboko wazima, hayatashindwa na uchafu wa kupe. Kazi ya siku nne ikaisha kwa saa moja, nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Hakuna kilichotokea, na hilo ndilo lililoniponza. Mara ya pili nilifungua mtaro bila hata kuwaza. Mara ya tatu ilikuwa Januari, katikati ya kiangazi, Mkono umekonda hata mtoto angeuruka.

Asubuhi ya pili kambare walikuwa juu ya maji, matumbo meupe, wengi hata huwezi kuhesabu. Ndege waliokula walikufa palepale ukingoni. Siku zilizofuata ndama wa Galma wakaanza kuharisha, wakaanguka, na manyoya yao yakawa yanatoka ukiyashika. Watoto wetu waliooga pale wakatokwa na vidonda miguuni. Nami nilifanya nini? Nilimwambia Asenath asichote tena Mkono, achote mto mkubwa, kwamba maji yake ni matamu zaidi. Ni mwendo wa nusu saa na mtungi kichwani. Aliniuliza tangu lini nimejua utamu wa maji, mimi ambaye sijawahi kuchota. Nikamfokea. Akaenda mto mkubwa, na jirani zake wakaendelea kuchota Mkono, nikawatazama wakipita mlangoni pangu kila asubuhi na kuwaitikia salamu. Nikikumbuka salamu zile naona haya hata peke yangu chumbani.

Ugomvi haukukawia. Wetu walisema ni ng'ombe wa Waorma, wanakunya majini na kuoza humo. Waorma walisema ni sisi, tunatwanga utupa na kuumwaga majini ili tupate samaki bila jasho, na ni kweli kwamba wapo wetu waliokuwa wakifanya hivyo zamani. Mikuki ilianza kunolewa. Ndipo Gasa, baraza la wazee wetu, likawaita wazee wa Kiorma, wakakaa pamoja siku mbili ukingoni. Walikubaliana jambo ambalo sijaliona likifanywa vizuri hivyo tena maishani mwangu: kwamba Mkono ni mgonjwa, na mgonjwa hauguzwi na mtu mmoja. Wakataka karani anayejua kusoma, asiye na upande, anayefahamiana na watu wote. Wakanichagua mimi.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiyo iliyokabidhiwa kalamu.

Niliandika sheria. Ng'ombe wasishuke Mkono, wapelekwe malka ya chini, mwendo wa saa tatu. Utupa marufuku. Wanawake wasifue wala kuosha mikeka humo. Kisha tukatoka wote, Wapokomo na Waorma, tukaingia majini siku tatu kung'oa magugu na kuzoa tope ili maji yapate kupita. Ilikuwa kazi ya kupendeza kwa macho. Waorma, ambao husema jembe si kazi ya mwanamume, walizoa tope kwa mikono. Galma alisimama ndani mpaka kiunoni, akiimba kitu cha ng'ombe. Mimi pekee nilikuwa na buti za mpira. Nilisema ni za kazi, na watu wakazisifu.

Wiki hiyohiyo bibi mmoja mjane, Priscilla, alikamatwa akiosha mkeka. Nilisoma jina lake mbele ya baraza, akatozwa kuku. Kuku hakumuumiza. Kilichomuumiza ni kwamba alisadiki. Alilia akisema kumbe ni sabuni yake iliyowaua samaki na kuwatia watoto vidonda, na akaniomba, mimi, nimwombee kwa Mungu. Nikasema nitamwombea.

Utaniuliza kwa nini sikuuziba mtaro nikachimba shimo jipya, mambo yakaisha kimyakimya. Nililifikiria sana. Lakini nikianza kuchimba shimo sasa, mbele ya macho ya watu wote waliokuwa wakitafuta chanzo cha uchafu, wangeuliza maji ya josho yalikuwa yakienda wapi siku zote. Kwa hiyo, ili nisionekane nachimba, nilimwaga tena. Machi, Ijumaa mchana, kama kawaida. Mpumbavu si yule anayekosea, ni yule anayelinda kosa lake kama mali.

Samaki wachache waliokuwa wamerudi wakafa. Watu waliokuwa wamezoa tope kwa mikono yao walisimama ukingoni wakitazama, na hakuna aliyemrushia mwenzake neno. Walikuwa wamechoka kuliko kukasirika. Mzee Godhana, mkubwa wa Gasa, akasema basi, ng'ombe hawako, utupa hauko, sabuni haiko, yuko mtu. Akaagiza kiapo cha maji.

Kiapo hicho kilikuwa hakijafanywa tangu wakati wa babu yangu. Kila mwenye nyumba huchota maji palepale palipoharibiwa, hunywa kibuyu kimoja mpaka chini, na kusema kama ni mimi niliyeyachafua, yanile. Mwenye hatia huvimba tumbo. Mwinjilisti wetu alikataza. Mkristo, alisema, hanywi viapo. Lakini wazee walikuwa na njia ya mtu asiyeweza kunywa: hunywewa na rafiki yake wa upande wa pili, Mworma kwa Mpokomo, Mpokomo kwa Mworma. Ndugu yako anaweza kukufichia, walisema. Rafiki wa nyika atakufichia nini?

Nikashika dini kwa mikono miwili. Nilisimama barazani nikasema mimi ni mtu wa kanisa, siwezi kunywa. Galma aliyekuwa ameketi nyuma akainua mkono, akasema atakunywa yake na yangu pia. Mwalimu wa msikiti wao alinung'unika, Galma akamjibu kwamba maji ni maji, atasema bismillahi.

Siku mbili kabla ya kiapo nilikwenda kwake nyikani kumwambia. Naapa nilikwenda kwa nia hiyo. Nikamkuta akichoma mzoga wa ndama wa saba, aliyeugua tangu Januari, macho mekundu kwa moshi. Mkewe Batula alinipa maziwa, na nikaona kwamba yalikuwa machache na wao wenyewe hawakunywa. Galma aliniuliza nimekuja na habari gani. Nikasema nimekuja kumpa pole. Akanishukuru kwa kutembea jua lote lile kwa ajili ya pole.

Ikafika Jumamosi. Wanaume arobaini na kitu walijipanga ukingoni, Wapokomo na Waorma wakichanganyika. Maji ya Mkono yalikuwa ya kijani, na juu yake utando uliong'aa kidogo. Harufu ile niliijua. Nililala nayo nguoni mwaka mzima. Nilikuwa na daftari. Kazi yangu ilikuwa kuita majina.

Wa kwanza alikuwa Galma, kwa kuwa ndama wake walikufa wengi zaidi. Niliita jina lake. Sauti haikunitetemeka, na hilo nalo nalionea haya. Akainama, akachota kibuyu kikajaa, akasema maneno yake, akanywa. Alikunywa polepole kwa sababu maji yalikuwa machungu, nikaona koo lake likipanda na kushuka. Nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka kwake. Ningenyoosha mkono ningekigusa kibuyu. Niliwaza mambo mengi katika muda ule, nayo yote yalinihusu mimi: kazi yangu, kanisa, Asenath, jina la baba yangu. Niliwaza hata kwamba maji ni mengi na dawa ni kidogo, labda hayatamdhuru. Alimaliza mpaka chini, akakigeuza kibuyu watu waone.

Kisha Mzee Godhana akasema kwamba sasa ni ya nyumba ya Enos.

Galma akachota tena. Akakiinua akaanza kusema jina langu, jina langu na la baba yangu, kwamba kama ni Enos mwana wa fulani aliyeyachafua maji haya. Aliyasema kwa imani, kama mtu anayesema jambo jepesi asilolihofia. Sikuweza kulisikia mpaka mwisho. Nilimshika mkono, maji yakatumwagikia sote wawili, nikasema kwamba ni mimi. Nikasema yote: josho, mtaro, Ijumaa, matete. Nikawaambia wasinywe, ni sumu, apewe maziwa atapike.

Watu walikimbilia maziwa. Mtu mmoja alikwenda mbio mpaka korongoni, akarudi na fungu la matete mkononi na kuliangusha mbele ya Mzee Godhana. Galma alinyweshwa maziwa mpaka akatapika, akanyweshwa tena, akatapika tena, kisha akaegemezwa kwenye mti, uso umesawijika. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake. Wengine walikuwa mbali kidogo, wakibishana mtaro uzibweje. Alinitazama kwa muda, akifikiri, kama kawaida yake.

"Enosi," akasema, "mimi ilipokunywa ya kwanza, wewe ilikuwa wapi?"

"Hapa. Karibu yako."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Akafumba macho. Nilidhani amelala.

"Ya pili ndio umeshika mkono," akasema. "Ile ya jina yako."

Nilipomwambia nisamehe, aliniomba nisogee kidogo, nimemzibia upepo.

Hakufa. Alilala wiki tatu, akaamka na ganzi ya vidole isiyomwacha tena, hata kukamua akawa hawezi. Mtaro ulizibwa siku ileile. Bwana mifugo aliniondoa kazini, Gasa likanihukumu kuchimba shimo jipya peke yangu, nikalichimba siku kumi na moja. Kuku wa Priscilla nilimrudishia. Alimpokea bila kunitazama. Mafuriko ya Aprili yalisafisha kiasi, na yale ya Novemba yakasafisha zaidi. Mwaka uliofuata kambare walikuwepo tena Mkono, wadogo, na wanawake wakaanza kuchota, kwanza wachache.

Ndipo wazee wakaita baraza kuufungua rasmi Mkono, watu wote pamoja. Nilikaa nyuma, karibu na mlango wa kutorokea kama ungekuwapo. Mzee Godhana alisimama akaeleza habari yote tangu mwanzo. Nilijiandaa kwa matusi, kwa kweli niliyangoja kwa hamu. Badala yake akasema kwamba Enos alikosa, ndiyo, lakini siku ya kiapo wanaume arobaini walikuwa wamejipanga kunywa sumu, na Enos angeweza kunyamaza, kazi yake na heshima yake zikabaki. Alichagua kusema. Arobaini wale, akasema, wako hai kwa kinywa chake. Watu wakaitikia. Mmoja wao akaja kunishika mkono, kisha mwingine, Mworma, akaniita ndugu.

Galma alikuwa ameketi mbele, mikono yake ndani ya shuka. Aligeuka akaniangalia. Hakuwa na chuki usoni. Alikuwa akingoja tu, kwa subira yake ile, kuona nitasema nini. Wote waliona, lakini hakuna mwingine aliyetambua kwamba nilimwacha anywe kibuyu chake mpaka chini huku najua, na alikuwa hajamwambia mtu, wala hakumwambia baadaye. Alikuwa ameniachia mimi.

Mzee Godhana akaniuliza kama nina neno. Nikasimama. Watu wote walikuwa wananitabasamia.

Nikasema ahsanteni, nikaketi.